Wacheni kuita Gede mji wa majini

Kila Desemba stori ni ile ile. Watu wanashuka Watamu, wanapiga picha kwa mchanga, wanakula samaki, na siku ya tatu mtu mmoja anasema, "Si twende tuone yale magofu ya Gede." Wanakaa saa moja. Wanachukua selfi na kima. Halafu inatoka video ya sekunde 30 yenye mziki wa kutisha, mzizi wa mti umekumbatia ukuta, na maandishi makubwa: MJI ULIOPOTEA! WATU WOTE WALITOWEKA USIKU MMOJA!

Mimi pia natengeneza video, najua hesabu yake. Siri inauza. Ukisema "jini", watu wanabaki mpaka mwisho. Lakini hiyo siri ina bei, na wanaoilipa ni watu waliozaliwa pale, wakachota maji pale, wakazikwa pale. Tumewatoa kwa stori yao wenyewe tukawawekea mapepo.

Niliwacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinipe cheo cha mwanahistoria. Nimesoma tu, nimetembea pale mara kadhaa, na kuna kitu Gede inasema wazi kabisa ambacho hakuna mtu anakisema kwa video. Kiko kwa kuta.

Mahali tuko

Gede iko Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 15 kusini mwa Malindi, karibu na pale unapokata kona kuingia Watamu. Ni mji wa pwani ambao hauko ufuoni. Bahari iko kilomita chache, huioni, umezungukwa na msitu. UNESCO inahesabu uhai wake kuanzia karne ya 10 hadi ya 17, na Julai 2024 iliuweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia. Sasa uko orodha moja na Mji Mkongwe wa Lamu na Fort Jesus.

Uliwahi kuwa mji wa Waswahili wenye pesa. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti, makaburi, visima, mitaa. Na kuta mbili. Ukuta wa nje unazunguka ekari kama 45. Ukuta wa ndani unazunguka kile kipande cha kati ambacho ndicho wengi wetu tunatembezwa.

Shika hapo. Kuta mbili.

Geti la kwanza, geti la pili

Ndani ya ukuta wa pili ndio kuna jumba la mfalme, Msikiti Mkuu, na zile nyumba kubwa za mawe zilizobanana. Kati ya kuta mbili kulikuwa na watu wa kawaida, wengi kwa nyumba za udongo na makuti, ingawa misikiti na majengo machache ya mawe yako huko pia. Nje ya ukuta wa nje ndio mashamba, na watu walioyalima.

Sasa fikiria Nairobi. Kuna mtaa wa geti, soja anaandika namba ya gari yako. Kuna watu wa fleti kando ya barabara. Halafu kuna mabati, ambako anatoka yule dada anayefua ndani ya geti na yule soja mwenyewe. Nikikuchorea ramani ya Gede bila kukuambia mwaka, utadhani ni mpango wa jiji letu.

Na ukuta wa ndani ulikuja baadaye, karne ya 16, wakati siku nzuri za mji zilikuwa zimeanza kupita. Mimi nausoma hivi: mambo yalipoanza kuwa magumu, wenye uwezo walijifungia zaidi. Kama una maelezo mengine niko tayari kuyasikia, lakini yasiwe na jini ndani.

Masonko walikuwa na nini

Si uongo, ndani kulikuwa kuzuri. Wachimbaji walipofukua zile nyumba kuanzia 1948, walizipa majina kulingana na walichokipata. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kuna Nyumba ya Kauri, yale makombe madogo ya baharini. Kuna Nyumba ya Bakuli la Kichina, Nyumba ya Sarafu za Kichina na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Soma hiyo orodha tena polepole. Uchina. Venice. Kilifi.

Hakuna aliyefika na hizo vitu kwa miujiza. Jahazi zilikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, na bidhaa zilipita mikono mingi kabla ya kufika hapa. Malindi, jirani wa Gede, ilikuwa na uhusiano na Uchina kiasi kwamba mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Twiga mzima, kwa merikebu! Wakati huo Vasco da Gama hajazaliwa. Alifika Malindi 1498, na vitabu vingi vikaanzia stori hapo, kana kwamba pwani ilikuwa imelala ikimngoja.

Kitu kingine ambacho watu hupita bila kuangalia ni vyoo. Nyumba kubwa za Gede zilikuwa na choo cha shimo ndani ya nyumba, na kando yake mahali palipojengwa pa kuwekea maji ya kuchambia. Hii ni miaka zaidi ya 500 iliyopita. Leo kuna ploti Nairobi ambako milango kumi inagawana choo kimoja.

Halafu angalia stoo. Kuna vyumba vya ndani kabisa ambavyo havina mlango. Unaingilia tundu lililo juu ukutani, kwa ngazi. Mali ilikaa humo. Mtu akijenga chumba bila mlango, ujue ana kitu cha kuficha na kuna mtu anamwogopa.

Na hiyo mali ilitoka wapi? Pwani ilinunua sahani za kigeni kwa vitu kutoka bara na kutoka msituni: pembe za ndovu, boriti za mikoko, na ndiyo, watu pia waliuzwa. Pembe ya ndovu haitembei yenyewe. Kuna mtu aliyemwinda ndovu na kuna mtu aliyeibeba hadi pwani. Huyo mtu hana nyumba yenye jina pale Gede.

Nani alijenga?

Hapa ndipo huwa naboeka kabisa. Aliyechimba Gede kutoka 1948 hadi 1958 alikuwa Mwingereza, James Kirkman. Kazi yake ni kubwa, bila yeye tungejua kidogo sana. Lakini kitabu chake cha 1954 alikiita The Arab City of Gedi. Mji wa Waarabu. Jina tu la kitabu lilishamaliza kesi.

Hiyo fikra ilikaa. Hadi leo utasikia mtu akisema kwa raha kwamba Waarabu walikuja, wakajenga, wakaondoka, sisi tukabaki tukishangaa mawe. Lakini rudi kwa vilivyofukuliwa. Bakuli la Kichina linapigwa picha kwa sababu linang'aa, ilhali vigae vingi vilivyotoka ardhini Gede ni vya vyungu vya hapa hapa. Chakula cha kila siku kilipikwa kwa chungu kilichofinyangwa na mtu wa hapa. Matumbawe ni ya hapa, chokaa ni ya hapa, boriti ni za hapa, na lugha iliyobaki pwani nzima ni hii unayosoma, lugha ya Kibantu yenye maneno mengi ya Kiarabu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA kutoka makaburi ya miji ya zamani ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo. Ulionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 watu wa Asia, hasa kutoka Uajemi, walichanganyika na Waafrika wa pwani. Upande wa baba ulikuwa na Uajemi mwingi, upande wa mama karibu wote ni Afrika. Kwa hivyo ndiyo, wageni walikuja, wakaoa, wakazaa. Lakini watoto walilelewa na kina mama wa hapa na wakaongea lugha ya mama. Nipe sababu moja kwa nini huo mji uitwe wa baba peke yake.

Hawakutoweka usiku mmoja

Tuje kwa ile siri yenyewe. Gede iliachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa nini? Kuna sababu kadhaa mezani, na zote ni za kibinadamu.

Ya kwanza ni maji. Kisima cha nje ya Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, ishara kwamba maji yalikuwa yanashuka. Mji bila maji haukai, uulize mtu yeyote wa Nairobi anayengoja bowza.

Ya pili ni vita. Mwaka 1589 Wazimba waliingia Mombasa, wakapanda hadi Malindi, ambako walipigwa kwa msaada wa Wasegeju. Pwani yote haikuwa salama. Baadaye Waoromo walisukuma kutoka kaskazini.

Ya tatu ni biashara. Wareno walikuja na mizinga wakataka kila jahazi lilipe. Mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus, na nguvu ikahamia Mombasa. Malindi ikanyauka. Jirani wa Malindi angefanya nini?

Weka hizo tatu pamoja. Biashara inapungua, njia si salama, kisima kinakauka. Familia moja inahama. Mwaka unaofuata tatu. Mwenye stoo anabeba mali yake, mwenye nyumba ya udongo anabeba sufuria na mtoto. Mwishowe anabaki mzee aliyekataa kutoka. Huko ni kutoweka kwa polepole sana, na kunaumiza kuliko jini, kwa sababu kila mmoja wao alijua anaacha nini.

Na huo "mji uliopotea" ulipotelea nani? Mwaka 1884 John Kirk, Mwingereza, alifika pale, na vitabu vinamhesabu kama mwanzo wa stori. Serikali ya kikoloni iliutangaza mnara wa kihistoria 1927. Ilhali Wagiriama ni majirani wa hayo magofu. Walijua yako. Mzee wa huko akikwambia kuna wazee wa zamani wanaolinda mahali, usimcheke na usimfanye mziki wa kutisha. Anakwambia usikate mti, usibebe jiwe, heshimu waliolala. Imani kama hizo ndizo zilizolinda misitu ya Kaya, na nadhani ndizo zimefanya Gede iwe na miti mikubwa hadi leo.

Ukienda, tembea hivi

Nenda asubuhi, kabla jua kuwa kali na kabla ya mabasi ya watalii. Kutoka Malindi unapanda matatu, unashuka stejini Gede, unatembea kidogo.

Lipa mtembeza wageni, ni kazi ya vijana wa pale. Halafu mwambie akupeleke kwanza kwa ukuta wa nje. Wengi watashangaa, kwa sababu kila mtu anakimbilia jumba la mfalme. Simama kati ya kuta mbili, pale ambako huoni kitu, ni majani tu na ndege. Hapo ndipo watu walikuwa.

Kisha ingia ndani. Tafuta kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399. Huyo mtu alizikwa Gede wakati ambapo hakuna Mreno aliyewahi kuona bahari yetu. Chungulia kisima cha Msikiti Mkuu. Hesabu vyoo. Pita makumbusho madogo uone vilivyopatikana, na uangalie vyungu kabla ya sahani za Kichina.

Usipande ukuta kwa ajili ya picha. Usiwalishe kima, watakuibia hata mkate wa keshokutwa. Ukiona kigae chini, kiache.

Kabla hujaondoka, ingia Kipepeo, iko hapo hapo. Ni mradi ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, na pupa zao zinauzwa nje ya nchi. Msitu ukikatwa, vipepeo wanaisha na hela inaisha, kwa hivyo wana sababu ya kuulinda. Hao ndio watu wa nje ya ukuta wa leo, na wana majina. Ongea nao. Baadaye nenda Watamu uogelee, hakuna mtu anakukataza.

Kitu kinachonikaa kichwani ni hiki. Udongo na makuti havikai miaka 500, mawe yanakaa. Ndio maana leo tunajua Gede ya wachache, na wale wengi tumewajaza mapepo. Mathare ikiondolewa kesho, mabati yataoza na mvua. Kuta za Runda zitabaki zimesimama, na mtoto wa mwaka 2500 atatembezwa pale aambiwe hivi ndivyo Wakenya walivyoishi.

Kwa hivyo ukifika Gede, uliza swali moja: wenye nyumba za udongo walilala wapi? Halafu zima mziki, usikize utakachoambiwa.