Mchezo wa Watoto na Wimbo wa Imani: Martin Luther na Malezi ya Watoto kwa Muziki

1. Utangulizi

Katika sharika nyingi shule ya Jumapili huachiwa vijana wachache, chini ya mti au nyuma ya kanisa, huku mchungaji akijiandaa kwa ibada ya watu wazima. Watoto wakiimba na kurukaruka, wazee husema, "Wanacheza tu." Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka kulichunguza. Je, Luther aliuonaje mchezo wa watoto, na aliuhusishaje na muziki?

2. Shule, muziki na mchezo, 1524–1528

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule za Kikristo. Humo alizilaumu shule za utoto wake, ambazo alizifananisha na jehanamu na toharani, kwa kuwa viboko vilikuwa vingi na elimu kidogo. Alisema kwamba vijana hawana budi kuruka na kushughulika na jambo linalowafurahisha. Kwa hiyo yafaa wajifunze kwa kupenda na kwa mchezo. Akaongeza kuwa kama angekuwa na watoto, wangejifunza si lugha na historia peke yake, bali pia kuimba, muziki na hisabati. Wakati huo alikuwa bado hajaoa.

Mwaka 1526, katika utaratibu wake wa ibada kwa Kijerumani, alieleza namna ya kuwafundisha watoto katekisimu nyumbani. Mtoto awaze kwamba ana vifuko viwili, kimoja cha imani na kingine cha upendo. Kila neno la Maandiko alilolisikia kanisani aliweke katika kifuko kinachostahili, kama mtu awekavyo sarafu za dhahabu na za fedha. Luther alijua kwamba wasomi wangecheka, akaonya mtu yeyote asijione mwenye hekima mno hata akaudharau mchezo huo wa watoto. Kristo, alipotaka kuwalea wanadamu, alifanyika mwanadamu. Basi nasi tukitaka kuwalea watoto, hatuna budi kuwa watoto pamoja nao.

Tuangalie vema hoja hiyo. Luther hakuutetea mchezo kama chambo cha kuwavutia watoto kwenye somo. Aliusimika juu ya fundisho la Neno kufanyika mwili.

Mwaka 1528 yalitolewa Maagizo kwa Wakaguzi wa sharika za Saksonia, yaliyoandikwa hasa na Philipp Melanchthon. Yaliagiza kwamba kila siku saa ya kwanza baada ya adhuhuri watoto wote, wadogo kwa wakubwa, wafanye mazoezi ya muziki. Hili lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo haki yatutaka tukiri kwamba katika mpango huo kukariri kulitawala, na sauti ya mchezo ilisikika kwa shida. Muziki ulipata saa yake katika ratiba, mchezo haukupata.

3. Wimbo uliotoka mchezoni

Nyumbani mwa Luther mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1535 kitabu cha nyimbo cha Joseph Klug, kilichochapwa Wittenberg, kilitoa wimbo wa Krismasi "Vom Himmel hoch" wenye beti 15, ukiitwa wimbo wa watoto. Wakati huo Luther na mkewe Katharina walikuwa na watoto watano hai. Hans, mkubwa wao, alizaliwa mwaka 1526, na Margarete, mdogo wao, mwishoni mwa 1534.

Ubeti wa kwanza aliutengeneza kutokana na mchezo wa kuimba wa vijana. Mwimbaji alijitokeza akijidai ametoka nchi za mbali na habari nyingi, kisha hutega kitendawili, na tuzo ilikuwa taji la maua. Msomaji aliyelelewa kwetu ataukumbuka mchezo wetu, ambapo aliyeshindwa kutegua hudaiwa mji. Luther aliubakiza muundo akabadili habari. Ajaye sasa ni malaika, naye hategi fumbo bali anatangaza kuzaliwa kwa Mwokozi. Watoto wanamjibu, na karibu na mwisho wanasema wataruka na kumwimbia Mtoto wimbo wa kubembeleza. Hata sauti ya kwanza ilikuwa ya mchezo ule ule. Sauti ijulikanayo leo ilichapwa Leipzig mwaka 1539. Mwaka 1734 Johann Sebastian Bach aliitumia katika Oratorio yake ya Krismasi.

4. Hitimisho

Hapa Tanzania, Howard S. Olson, aliyekuwa mwalimu Makumira, alikusanya nyimbo za Kikristo zenye sauti za Kiafrika katika kitabu *Tumshangilie Mungu*. Kazi hiyo ilionyesha kwamba sauti zetu zaweza kuibeba Injili. Michezo ya kuimba ya watoto wetu nayo yastahili kuchunguzwa hivyo hivyo, kwa uangalifu ule wa Luther, ambaye hakuchukua kila neno aliloliona mchezoni.

Nasi walimu wa theolojia tuna la kutubu. Tumewapima wanafunzi wetu kwa mahubiri yao mbele ya watu wazima, na mara chache mno tumewauliza kama waliwahi kuketi mavumbini na watoto wakajifunza wimbo wao. Nabii Zekaria aliona njia za Yerusalemu iliyokombolewa zimejaa wavulana na wasichana wakicheza (Zek. 8:5). Mchungaji anayeona haya kucheza na watoto na ajiulize kama amemwelewa Bwana wake, ambaye hakuona haya kuzaliwa mtoto.