Albania 1997: Usiwaite Wajinga

Wasee, kila wiki lazima mtu anitumie ule ujumbe: weka 1,000 leo, baada ya wiki mbili utoe 3,000. Na kila mtu akiliwa doo zake, komenti ni zile zile: wajinga ndio waliwao. Manze, hiyo methali imenichosha. Leo twende Albania, kanchi kadogo juu ya Ugiriki, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, wakati huo watu kama milioni 3 hivi. Familia nyingi sana huko zilikuwa zimeweka pesa mahali, na mwaka 1997 zikaenda. Sasa niambie, nchi nzima ni wajinga?

Lazima kwanza ujue walikotoka. Enver Hoxha aliwatawala kutoka 1944 hadi alipokufa 1985, na huyo mzee alikuwa noma. Dini alipiga marufuku 1967. Gari lako mwenyewe, sahau. Shamba la serikali, duka la serikali, benki ya serikali. Alijaza nchi mahandaki ya zege akingoja kuvamiwa, na hakuna aliyekuja. Ukomunisti ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wakaambiwa haya, soko huria ndilo hili, jitafutieni. Mimi niliacha chuo, lakini angalau nimekua nikiona riba, mikopo ya simu na chama cha mathe. Wao wangejulia wapi?

Benki zilikuwa goigoi, kwa hivyo zikazuka kampuni za kuchukua akiba za watu. VEFA ilikuwa na biashara ambazo ungeona kwa macho. Nyingine, kama Sude ya Maksude Kadëna, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, haikuwa na kitu nyuma yake. Ni pesa za anayeingia kulipa aliyetangulia, basi.

Na walilipa. Hii ndiyo sehemu watu huruka wakisimulia. Jirani anaweka, mwezi unaisha, anarudi na noti mkononi. Mwezi wa pili, vile vile. Wewe una kijana wako anaosha vyombo Ugiriki, anakutumia kitu kidogo nyumbani. Utaificha chini ya godoro?

1996 mambo yakapanda wazimu. Kampuni ya Kamberi ikaahidi riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Populli ikapita 30. Xhafferri ikasema pesa zako zitakuwa mara 3 kwa miezi 3, Sude nayo ikajibu: mara 2 kwa miezi 2. Wakulima wakauza ng'ombe, watu wakauza nyumba. Kufikia Novemba kampuni hizi zilikuwa zinadaiwa kama dola bilioni 1.2, karibu nusu ya uchumi wa nchi kwa mwaka mzima.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilionya. Lakini serikali ya Rais Sali Berisha iliburuta miguu, na wakubwa walikuwa wanaonekana kwenye hafla za kampuni zenyewe. Hapo ndipo mimi huuliza, mkulima aamini nani? Mzungu wa ripoti ama waziri anayemwona akipiga picha na mwenye kampuni?

Januari 1997 Sude ikafilisika, kisha Gjallica, ambayo ilikuwa imekula sana bandari ya Vlorë huko kusini. Ndiyo maana Vlorë iliwaka sana. Kule Lushnjë, waziri wa mambo ya nje, Tritan Shehu, alienda kutuliza watu, wakamzuia ndani ya uwanja wa mpira.

Kufikia Machi polisi na wanajeshi walikuwa wametoroka vituo. Unakumbuka Hoxha akingoja adui? Maghala yake ya silaha bado yalikuwa yamejaa. Raia wakayavunja, bunduki laki kadhaa zikaingia mitaani. Mwaka huo ulikula watu kama 2,000.

Maelfu wakakimbilia baharini. Tarehe 28 Machi, siku ile ile Umoja wa Mataifa ulipitisha kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Italia kiende Albania, boti iitwayo Kateri i Radës iligongana na meli ya jeshi la majini la Italia na kuzama. Zaidi ya watu 80 walikufa, wengi wao akina mama na watoto. Boti ilikuwa imetoka Vlorë.

Uchaguzi ukaitishwa Juni, chama cha Berisha kikabwagwa vibaya, na Julai akajiuzulu urais. Pesa nyingi hazikurudi kwa wenyewe.

Berisha ndiye alirudi. Mwaka 2005 chama chake kilishinda uchaguzi, kura halali za watu wale wale, akawa waziri mkuu miaka 8.