Kuongoza Pasipo Mshahara: Habari za Chama cha Watoto Wapanda Farasi

Katika sehemu nyingi za nchi zetu farasi ni wachache, kwa kuwa mbung'o huwatia ugonjwa wa nagana, nao hawana nguvu ya kuustahimili. Kwa hiyo huenda msomaji akauliza, "Habari za watoto wapandao farasi huko Uingereza zatuhusu nini?" Twajibu kwamba hatuzileti kwa ajili ya farasi peke yao, ila kwa sababu ya swali linalojulikana katika kila kijiji chenye timu ya mpira au kwaya: nani atafanya kazi isiyo na mshahara, naye atawaongozaje watu asioweza kuwalazimisha?

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, magari yalizidi kushika kazi za farasi katika Uingereza, mijini na mashambani. Walioupenda ustadi wa kupanda farasi waliona hatari kwamba watoto wao wasingeujua tena. Mwaka 1925 kilianzishwa chama kiitwacho Institute of the Horse. Na mwaka 1929 chama hicho kilizaa tawi la vijana, likaitwa Pony Club, yaani chama cha farasi wadogo. Mwaka 1947 chama mzazi kiliungana na kingine, vikawa British Horse Society. Mwaka 1997 Pony Club ikatoka chini ya mzazi wake, ikajitegemea.

Chama kimegawanyika katika matawi, na kila tawi lina mkuu wake. Cheo chake ni District Commissioner, jina lile lile wazee wetu walilolijua zama za ukoloni kwa Bwana D.C. Lakini tazameni tofauti. Bwana D.C. alikuwa na askari na korti, na kodi alitoza. Mkuu huyu wa watoto hana askari wala korti, na mshahara hapokei. Akitaka uwanja, hana budi kumwomba mwenye shamba. Akitaka walimu, huwaomba wajuzi. Wakati wa kambi, watoto na farasi wao wanapokaa pamoja kwa siku kadhaa, sharti apatikane mtu wa kupika, mtu wa kutunza hesabu, mtu wa kutibu majeraha, na mtu wa kuamka alfajiri kuangalia kama kila farasi amepata maji. Watu hao humtii kwa kuwa wamemwamini. Siku wasipomwamini tena, watabaki majumbani mwao, naye hana la kuwafanya. Jifya moja haliinjiki chungu.

Watoto nao hawafundishwi kupanda tu. Tumbo la farasi ni dogo kwa kadiri ya mwili wake, basi hulishwa kidogo kidogo mara nyingi. Kwato zake husafishwa kabla ya safari, zisije zikaficha jiwe. Na mtoto arudipo amechoka, humshughulikia mnyama kwanza, ndipo ajikumbuke mwenyewe. Kuna majaribio ya daraja, yanayopanda hata A iliyo ya juu, na katika hayo mtoto huulizwa habari za utunzaji pamoja na za kupanda. Mara nyingi wakubwa huwasaidia wadogo, na hivyo mwanafunzi wa jana huanza kujifunza uongozi angali kijana.

Hata hivyo palikuwa na kasoro kubwa. Farasi ni mali, na kumlisha ni gharama. Katika mashindano mengi, mtoto wa tajiri mwenye farasi wa nasaba bora alitangulia kabla hajaanza. Ndipo Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipotaka yawepo mashindano ya watoto wenye farasi wa kawaida. Mwaka 1957 kombe lenye jina lake lilishindaniwa kwa mara ya kwanza huko Harringay, London. Michezo yake huchezwa kwa timu: kupita mbio kati ya miti iliyosimamishwa kwa mstari, kuchukua bendera na kuichomeka mahali pengine, na mingineyo. Bendera ikianguka, aliyeiangusha sharti airudie mwenyewe, na wenzake humngoja. Hapo farasi wa bei kubwa hafui dafu akiwa mpandaji wake hajui kumpokeza mwenziwe kwa utulivu. Hatusemi kwamba umaskini uliondolewa kwa mchezo. Farasi wa kawaida naye hula. Lakini kanuni za mchezo ziligeuzwa ili mazoezi na umoja vipate nafasi mbele ya fedha, na baadaye mlango ulifunguliwa pia kwa watoto wasio na farasi, wanaojifunza katika shule za kupanda.

Mfano huo ulienea ng'ambo. Marekani walianzisha chama chao cha namna hiyo mwaka 1954. Twaona kwamba sababu ya kudumu kwake ni kwamba kazi iligawanywa. Adui wa chama cha kujitolea si uvivu tu. Adui mwingine ni yule mtu mwema afanyaje yote peke yake. Yeye hufunga hesabu, hufundisha, hubeba funguo za ghala. Watu humsifu, kisha huhama au huugua, na chama hufa siku ile ile.

Basi, walimu wenzetu na ninyi viongozi wa vijana, tujiulize: nani anajua hesabu za timu yetu zaidi ya sisi? Nani aweza kuiongoza kwaya Jumapili tusipokuwapo? Ikiwa hakuna, tumteue kijana mmoja mwezi huu, tumpe funguo, tumfundishe, na tumwache afanye kazi hiyo mbele ya macho yetu.