Mdhamini wa asasi ya picha: Mwenye dhamana, si mwenye mali

KWA wasomaji wengi wa Kiswahili, neno mdhamini huleta sura ya mtu anayemtoa mwenzake rumande, au ya kampuni inayogharimia mashindano ya soka. Katika asasi za hisani neno hilo lina maana nyingine iliyo nzito zaidi: mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake aitunze kwa manufaa ya umma. Tanzania, misikiti, makanisa na vyama huwa na bodi za wadhamini wa namna hiyo. Nchini Uingereza, bodi kama hizo ndizo zinazosimamia pia baadhi ya nyumba za maonyesho ya picha.

Mfano mmoja ni Autograph ya London, iliyoanzishwa mwaka 1988 ikiwa chama cha wapiga picha weusi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Rotimi Fani-Kayode, mzaliwa wa Lagos, aliyefariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 34. Baadaye bodi iliongozwa na Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika, aliyekuwa pia mwenyekiti wa taasisi ya sanaa ya Iniva. Hall alijulikana kwa maandishi yake, si kwa kamera. Hata hivyo, ni chini ya uenyekiti wake asasi hizo mbili zilipofungua jengo la Rivington Place mwaka 2007, lililosanifiwa na David Adjaye kwa gharama ya takriban pauni milioni 8.

Kwa mujibu wa Sheria ya Asasi za Hisani ya mwaka 2011 ya England na Wales, wadhamini ni wale wenye mamlaka ya jumla juu ya uendeshaji wa asasi. Mkurugenzi huchagua picha na kuajiri watumishi, lakini wenye kujibu mbele ya tume ya usimamizi ni wadhamini. Kwa kawaida hawalipwi, ingawa hurudishiwa nauli na gharama za lazima. Iwapo asasi haikuandikishwa kama kampuni au chombo chenye nafsi ya kisheria, mdhamini anaweza kudaiwa madeni yake hadi mfukoni mwake. Wengi hukubali uteuzi kabla ya kuuliza jambo hilo.

Ugumu wa pekee katika sanaa ya picha ni mgongano wa maslahi. Bodi isiyo na mpiga picha hata mmoja haielewi kazi; bodi yenye wapiga picha ina wajumbe ambao wao wenyewe wangependa kuonyeshwa ukutani. Mjumbe ambaye kazi yake inajadiliwa hutakiwa kutangaza maslahi yake na kutoka kikaoni, na kutoka huko kuandikwa katika kumbukumbu. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye duka la picha, au mjumbe ambaye mwenzi wake anaomba ruzuku.

Aidha, kuna suala la hifadhi. Mpiga picha anapofariki huacha negativu, nakala zilizochapwa na hakimiliki, na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe. Asasi inayopokea masanduku bila hati ya maandishi hujikuta inatunza, kwa gharama kubwa ya ubaridi na ukavu, picha isizoruhusiwa kuzichapisha.

Mtihani mkubwa huja fedha zinapokauka. Nyumba ya Side ya Newcastle, iliyofunguliwa mwaka 1977 na kundi la Amber, ilifunga milango Aprili 2023 baada ya kukosa ruzuku ya Baraza la Sanaa huku gharama za nishati zikipanda. Ukumbi ulifungwa, lakini mkusanyiko wa AmberSide, ulioingizwa mwaka 2011 katika rejesta ya Uingereza ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO, ulibaki ukihitaji rafu, bima na mtu wa kuutunza.