Bayi alishuka, vijana wetu wanapanda

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa kifua tu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na Kyela tulishangilia kama wengine. Juma hilohilo kijana mmoja wa Ipinda alikuwa anaulizia nauli ya Arusha. Simbu ni mtu wa Singida aliyekwenda kujinoa Arusha, kwa hiyo kijana huyo naye ameona njia ni hiyo: ahame.

Sababu yake ina uzito. Ziwa Nyasa, tunapoishi kando yake, liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Arusha ni kama mita 1,400, na Iten kule Kenya ni 2,400. Huko juu hewa ni nyepesi, mwili unalazimika kuongeza chembe nyekundu za damu, na mkimbiaji akishuka anakuwa na pumzi ya ziada. Lakini mgeni hulipia kwanza. Wiki za mwanzo usingizi haukolei, kilima cha kwanza alfajiri kinamwacha nyuma ya kundi, na kodi ya chumba haingoji apate mwendo.

Mwalimu wangu wa michezo, aliyetuchorea njia za kukimbilia kwa majivu ya jikoni kila mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA yalipokaribia, hakutuhubiria kuhama. John Stephen Akhwari wa Mbulu na goti lake lililofungwa bendeji katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alimtaja kwa heshima na kupita. Suleiman Nyambui, aliyetoka Majita akaenda kusoma El Paso, Texas, na kupata medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, naye alipita upesi. Juma Ikangaa na ushindi wake wa marathoni ya New York mwaka 1989, vilevile. Aliyemfanya atulie na kusimulia ni Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa Karatu, nyanda za juu. Alipohama, alishuka. Alikwenda Dar es Salaam, akawa askari wa JWTZ, akakimbilia kando ya bahari, kwenye joto na unyevu ambao mtu wa Kyela anaujua vizuri kila Novemba. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, mlio wa bastola ulimkuta tayari mbele. Hakujificha nyuma ya mtu. Mita 400 alipita kwa chini kidogo ya sekunde 55, mita 800 kwa chini ya dakika 1 na sekunde 53. Mwalimu alikuwa anaitembea fainali hiyo uwanjani kwetu, akisimama kila kona kutuonyesha John Walker wa New Zealand alikuwa wapi, na Ben Jipcho wa Kenya wapi. Walker alimfuata hadi mita za mwisho asimpate. Dakika 3, sekunde 32 na nukta 16: rekodi ya dunia ya Jim Ryun ya mwaka 1967 ikavunjika, na Walker wa pili naye alikuwa ndani ya rekodi hiyo ya zamani.

Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, dakika 3 na sekunde 51. Dunia ikasubiri akutane tena na Walker katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Tanzania ikasusia Olimpiki kupinga New Zealand kuruhusiwa humo, Walker akabeba dhahabu. Mwalimu hakuulaumu uamuzi ule, nami siulaumu.

Najua Bayi alishuka Dar akiwa amelelewa juu, na mtoto wa Matema amelelewa ufukweni. Ndiyo maana nauona mlima wetu kuwa mali. Kutoka Kyela, ukipita mashamba ya mpunga na kokoa iliyoanikwa kwenye mikeka, kwa gari ni kama saa moja na ushee mpaka Tukuyu, kwenye migomba na chai, mita zipatazo 1,500. Mkimbiaji anaweza kulala Tukuyu na kushuka kufanya mazoezi ya kasi tambarare ya ziwani. Akizoea na joto letu kwa siku kumi hadi kumi na nne, jasho linatoka mapema na maji ya damu yanaongezeka, faida kubwa kwa marathoni ya nchi ya joto. Sisi tuna mlima na ziwa, ila sijaona huku kitanda hata kimoja kilichotengwa kwa ajili ya mkimbiaji.

Kila mwaka Mbeya ina Tulia Marathon, na vijana wa Kyela wanakwea kwenda kushindana, kisha wanarudi nyumbani. Yule wa Ipinda amepata nauli. Mama yake amemfungia kilo tano za mchele wa Kyela, na jozi ya viatu ameining'iniza nje ya begi kwa kamba zake, visilowe na jasho la safari. Uwanja tuliochorewa majivu bado upo, na mvua za masika hukaa katikati yake hadi Mei.