Mbuzi wa Paya na Farasi wa Jinja

Mwaka jana baba mdogo, anayetunza farasi kwa mtu mmoja huko Jinja, alimpigia nyanya simu akitaka mbuzi. Si wa kuchinja. Farasi mmoja alikuwa amefiwa na mwenzake, amebaki peke yake, hataki kula, usiku kucha anazunguka zizini. Nyanya alicheka hadi akakaa chini. Hapa Paya mbuzi ni ada ya shule, ni mahari, ni kitoweo cha mgeni. Rafiki wa farasi? Hajapata kusikia.

Angesikia wapi, na farasi wenyewe hawakuwapo? Lugha inatoa ushahidi. Kwa Kidhopadhola mbuzi ni diel, neno letu la asili, na Waluo wa Kenya wanalo vilevile. Lakini farasi kwa Waluo ni faras na kwa Waganda ni embalaasi, maneno yenye asili ya Kiarabu kama farasi ya Waswahili. Neno lilifika bara. Mnyama alikwama njiani.

Aliyemkwamisha, zaidi ya wote, ni mbung'o. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce alionyesha kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na farasi, huenezwa na inzi huyo. Mwaka 1903 akaja Entebbe kuchunguza malale, ugonjwa wa ukoo huohuo, uliokuwa ukimaliza watu wa Busoga. Baadaye kituo cha Afrika Mashariki cha kuchunguza maradhi hayo kiliwekwa hapa kwetu Tororo. Mbuzi wetu wadogo nao huambukizwa, ila huvumilia kuliko farasi.

Kwingineko, kumpa farasi mbuzi ni desturi ya zamani ya mazizi ya mashindano, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi na upweke humtia hofu. Haikufaulu kila mara. Mwaka 1936, huko Marekani, mkufunzi Tom Smith alimwekea farasi Seabiscuit mbuzi jike aitwaye Whiskers. Seabiscuit alimkamata kwa meno, akamtikisa, akamtupa nje ya zizi. Aliyemtuliza hatimaye alikuwa farasi mwenzake, Pumpkin.

Nilipomsimulia nyanya kisa hicho, aliacha kucheka. Beberu akamkataa kwa ajili ya fujo na pembe; mwanambuzi akamkataa kwa kuwa angekanyagwa. Akamchagua mbuzi jike mzee aliyefungwa karibu na ng'ombe wetu tangu utotoni, asiyeshtushwa na kwato kubwa. Mimi niliongeza jambo moja tu la vitabuni: chakula cha dukani cha mbuzi chenye monensini kisifike kinywani mwa farasi, kitamuua. Bei nyanya aliitaja sawa na ada ya dada yangu ya muhula mzima, na hakupunguza hata shilingi.

Mbuzi aliondoka Jumamosi. Ng'ombe wetu alilia siku mbili.