Phanek na pheijom: Mavazi yanayowatambulisha Wamanipuri

MAVAZI ya asili ya Manipur, jimbo la kaskazini mashariki mwa India linalopakana na Myanmar, bado huvaliwa majumbani, sokoni, hekaluni na harusini. Hata hivyo, wanawake wanaoyafuma kwa mikono wanakabiliwa na ushindani wa vitambaa vya viwandani, pamoja na athari za machafuko yaliyozuka Mei 2023.

Vazi kuu la mwanamke wa kabila la Meitei, walio wengi katika bonde la Imphal, ni phanek. Hiki ni kipande cha kitambaa kinachozungushwa mwilini na kufungwa kiunoni au juu ya kifua, mithili ya kanga. Phanek ya heshima, iitwayo mayek naibi, ina mistari ya kulala na taraza pana zilizotiwa nakshi za nyuzi. Juu yake huvaliwa blauzi na mtandio mwepesi uitwao innaphi.

Rangi nazo zina lugha yake. Katika mazishi na ibada, wanawake huvaa phanek ya waridi iliyopauka na mtandio mweupe. Kwa hiyo, mwenyeji hutambua shughuli iliyowakusanya hata kabla ya kuuliza.

Wanaume, kwa upande wao, huvaa pheijom, yaani shuka nyeupe inayopitishwa katikati ya miguu na kukunjwa kiunoni. Katika sherehe, shuka hiyo huambatana na koti refu liitwalo pumyat na kilemba kiitwacho kokyet. Hayo ndiyo mavazi ya bwana harusi. Nyumbani na kazini, baadhi yao hujifunga khudei, shuka fupi inayofika magotini.

Bibi harusi huvaa potloi, sketi ngumu yenye umbo la pipa, iliyopambwa kwa vioo vidogo na nakshi zinazometameta. Vazi hilo linahusishwa na Mfalme Bhagyachandra wa karne ya 18, mwasisi wa Ras Lila, ngoma ya ibada inayosimulia mapenzi ya Krishna na Radha. Kutoka katika ngoma hiyo, potloi iliingia harusini. Mwaka 2021, Serikali ya India ilimtunuku fundi wa potloi, Hanjabam Radhe Devi, nishani ya Padma Shri.

Mbali na Wameitei, makabila ya Wanaga na Wakuki waishio milimani yana shali zao, ambazo rangi na michoro yake hutambulisha kabila la mvaaji na, mara nyingine, hadhi yake katika jamii.

Ufumaji katika Manipur ni kazi ya wanawake tangu enzi. Mfumaji huketi sakafuni, mtande ukiwa umefungwa ukutani upande mmoja na kiunoni mwake upande wa pili, naye huukaza kwa kuegemea nyuma. Vitanda vikubwa vya mfumi vinavyotumia miguu na mikono hutumika kwa vitambaa vipana. Sensa ya ufumaji wa mikono ya mwaka 2019 na 2020 ilionyesha kuwa jimbo hilo lina wafumaji zaidi ya 200,000.

Kwa wengi wao, soko kubwa ni Ima Keithel, maana yake soko la akina mama, katika mji mkuu wa Imphal. Humo wafanyabiashara wote ni wanawake, na vitambaa ni miongoni mwa bidhaa zake maarufu.

Mwaka 2014, vitambaa vitatu vya Manipur, yaani Shaphee Lanphee, Wangkhei Phee na Moirang Phee, vilisajiliwa chini ya sheria ya India inayolinda bidhaa kwa jina la mahali zinakotoka. Shaphee Lanphee ni shali yenye nakshi ambayo zamani mfalme aliwatunukia mashujaa wa vita. Wangkhei Phee husifika kwa wepesi wake, na Moirang Phee hutambulika kwa meno yaliyochongoka kwenye pindo zake.

Usajili huo hulinda jina la kitambaa, lakini hauwezi kumzuia mnunuzi kuchagua nakala ya bei nafuu iliyofumwa kwa mashine. Mashine hutoa kwa muda mfupi kazi inayomchukua mfumaji siku nyingi, na tofauti hiyo huonekana kwenye bei.

Aidha, machafuko ya Mei 2023 kati ya Wameitei na Wakuki yaliua watu zaidi ya 200 na kuwang'oa wapatao 60,000 katika makazi yao. Kwa mfumaji, kuhama ghafla ni kuacha kitanda, uzi na wateja. Palipo na hali hiyo, kinachopotea si kipato pekee, bali pia nafasi ya binti kujifunza kazi hiyo kwa mama yake.